Je, Dawa Moja Yatosha kwa Virusi vya Koo Nyingi?

Katika mikutano ya jumuiya ndogo ndogo na ya vikundi vya watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi, kuna swali moja linalorudi kila mara. Watu wamesikia ati virusi hivi si vya aina moja. Ati vya Ulaya na Marekani ni vingine, vya Afrika Kusini ni vingine, na vya kwetu Kenya ni vingine kabisa. Basi wanauliza: kama ni hivyo, mbona karibu sote tunapewa tembe ile ile? Dawa iliyojaribiwa kwanza kwa Wazungu itamfaa vipi mtu wa Busia au wa Kitui? Na wako waliokwenda mbali zaidi, wakasema, "Hii dawa si ya virusi vyangu," wakaiacha.

Swali hilo ni zuri na halifai kujibiwa kwa kukemea. Ni kweli virusi vya Ukimwi vina koo nyingi. Ni kweli pia kwamba mabadiliko ya virusi yanaweza kumfanya daktari achague dawa nyingine. Lakini haya mambo mawili watu huyachanganya, na mchanganyiko huo umewadhuru wengi. Jibu kwa ufupi ni hili: ukoo wa virusi ulioupata, mara nyingi, haubadilishi dawa utakayopewa. Kinachobadilisha dawa ni usugu, na usugu mara nyingi hupata nafasi pale dawa inapomezwa leo, kesho ikaachwa. Hebu tulitazame jambo hili hatua kwa hatua.

KARANI ASIYESOMA TENA ALICHOANDIKA

Kirusi cha Ukimwi hakiwezi kuzaana peke yake. Huingia ndani ya chembechembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili zinazoitwa CD4, na kuzigeuza kiwanda cha kutengeneza virusi vingine. Maagizo yake yote ya kujitengeneza yameandikwa kwa herufi za kemikali zipatazo 9,700. Ni maandishi mafupi. Yangeenea katika kurasa chache tu za jarida kama hili.

Sasa mfikirie karani wa parokia anayenakili rejista ya ubatizo kwa mkono. Karani mwangalifu akimaliza ukurasa huusoma tena na kusahihisha. Lakini karani anayeandika usiku, mbio mbio, asisome tena alichoandika, atageuza Yohana awe Yohano, na mwaka 1962 uwe 1963. Karani mwingine akija kunakili kutoka kwake, atanakili na kosa, kisha aongeze la kwake.

Kimeng'enya kinachonakili maagizo ya kirusi ni karani wa namna hiyo. Hukosea herufi, na hakina njia ya kusahihisha. Isitoshe, kwa mtu asiyetumia dawa, virusi vipya vinavyotengenezwa kwa siku moja hufika kama bilioni 10. Kwa idadi hiyo, karibu kila kosa la herufi moja linaloweza kutokea, hutokea kila siku. Makosa mengi humdhuru kirusi mwenyewe, akafa. Mengine hayaleti faida wala hasara. Lakini machache humpa kirusi uwezo wa kuponyoka.

Ndiyo sababu ndani ya mwili wa mtu mmoja hakuna kirusi cha namna moja tu. Kuna umati wa virusi vinavyofanana bila kulingana kabisa, kama watoto wa nyumba moja.

KOO HIZI ZILITOKA WAPI

Makosa hayo madogo yakikusanyika kwa miaka mingi, koo hutengana. Wataalamu wamelinganisha virusi vya leo na vile vilivyopatikana katika damu iliyohifadhiwa tangu 1959 mjini Kinshasa, ambao wakati huo uliitwa Leopoldville. Kwa kuhesabu tofauti za herufi, wameona kwamba kundi kubwa lililoenea duniani kote lilianza kusambaa miongoni mwa watu mwanzoni mwa karne ya 20, katika eneo hilo la Kongo, baada ya kirusi kutoka kwa sokwe wa upande wa Kameruni kumwingia binadamu. Kutoka hapo virusi vilisafiri kwa reli, kwa mito na kwa barabara, na kila tawi likaendelea kubadilika njiani.

Kundi hilo kubwa linaitwa M, na koo zake zimepewa herufi. Ukoo B ndio ulioenea Ulaya Magharibi na Marekani. Ukoo C umeenea Afrika Kusini na nchi jirani zake, Ethiopia na India, na peke yake unabeba karibu nusu ya maambukizi yote duniani. Kwetu Kenya, zaidi ya nusu ya maambukizi ni ya ukoo A. Baada yake kuna D, ambao ni mwingi pia Uganda, na C. Tena kuna machotara: mtu mmoja akiambukizwa virusi vya koo mbili, virusi hivyo vinaweza kubadilishana vipande vya maagizo na kuzaa kirusi mchanganyiko. Afrika Mashariki, ambako A, D na C wanakaa kijiji kimoja, machotara hao si haba.

Mbali na kundi M, kuna ndugu wa mbali zaidi. Kuna kundi O, ambalo hupatikana hasa Kameruni na nchi za karibu. Na kuna kirusi cha pili cha Ukimwi, kiitwacho HIV-2, ambacho kilitambuliwa katika miaka ya 1980 na hupatikana hasa Afrika Magharibi. Hicho hakikutoka kwa sokwe bali kwa nyani wengine kabisa.

JE, UKOO NDIO UNAOCHAGUA DAWA?

Hapa ndipo penye wasiwasi wa watu wetu. Ni kweli kwamba dawa nyingi za mwanzo zilitengenezwa na kujaribiwa mahali penye ukoo B, ambao ni sehemu ndogo ya maambukizi duniani. Kwa hiyo kuuliza kama zinatufaa ilikuwa haki yetu, na wataalamu wenyewe waliuliza.

Jibu limekuwa la kutia moyo. Koo hutofautiana zaidi katika ganda la nje la kirusi. Ganda ni kama nguo: kirusi huibadilisha apendavyo ili askari wa mwili wasimtambue, na hiyo ni sababu moja kubwa ya chanjo kuchelewa. Lakini dawa tunazomeza hazilengi nguo. Zinalenga vile vimeng'enya ambavyo kirusi hawezi kuishi bila wao: karani anayenakili maagizo, na yule fundi anayepachika maagizo hayo ndani ya chembe ya damu. Sehemu hizo haziwezi kubadilika ovyo, kwa sababu zikiharibika kirusi hufa. Kwa hiyo katika koo A, B, C na D zinafanana vya kutosha, na tembe zinazomtuliza kirusi cha London humtuliza pia kirusi cha Homa Bay.

Hata hivyo tusidanganyane. Ziko nafasi ambazo ukoo umekuwa na maana, na ni vizuri tuzijue.

Kwanza ni HIV-2 na kundi O. Dawa za jamii ya nevirapini na efavirenzi hufanya kazi kwa kuingia katika kijitundu fulani cha yule karani, kama ufunguo katika kufuli. HIV-2 ana kufuli yenye tundu la namna nyingine, na ufunguo hauingii. Virusi vingi vya kundi O viko hivyo hivyo. Kwa watu hao, dawa hizo hazikuwa na faida tangu siku ya kwanza, hata wangezimeza kwa uaminifu namna gani.

Pili ni kasi ya ugonjwa. Uchunguzi uliofanywa Uganda ulionyesha kwamba watu wenye ukoo D, wasipotumia dawa, hudhoofika upesi kuliko wenye ukoo A. Hii haibadilishi dawa, lakini inatufundisha kwamba kungoja mpaka uzidiwe ndipo uanze matibabu ni kujihatarisha.

Tatu ni akina mama. Mwaka 1999 uchunguzi mwingine wa Uganda ulionyesha kwamba tembe moja tu ya nevirapini kwa mama akiwa na uchungu, na dozi moja kwa mtoto aliyezaliwa, hupunguza maambukizi kwa watoto karibu kwa nusu. Wakati ule ilikuwa habari njema kweli, na watoto wengi waliokolewa. Lakini baadaye ilionekana kwamba ile tembe moja iliwaachia baadhi ya akina mama virusi sugu, na wenye ukoo D walipata usugu huo kuliko wenye ukoo A. Sababu moja ni kwamba nevirapini hukaa damuni siku nyingi, ikiwa peke yake, bila wenzake wa kuisaidia. Ndipo njia hiyo ikaachwa, na mama akaanza kupewa dawa kamili kwa faida yake na ya mtoto.

Nne ni sindano. Siku hizi kuna matibabu ya sindano mbili, kabotegraviri na rilpivirini, zinazodungwa kila baada ya miezi miwili badala ya tembe za kila siku. Katika majaribio ya mwanzo, baadhi ya wale ambao sindano hizo hazikuwatosha walikuwa na tawi la ukoo A linalopatikana Urusi. Sisi tulio na ukoo A tukaanza kujiuliza. Basi uchunguzi ukafanywa Uganda, Kenya na Afrika Kusini kwa watu 512, wengi wao wakiwa na ukoo A wa huku kwetu. Majibu ya mwaka wa kwanza, yaliyotolewa 2024, yalionyesha kwamba sindano ziliwafaa karibu sawasawa na tembe: kila upande, karibu watu 97 kwa mia walibaki na virusi vilivyotulizwa. Mwezi wa Julai 2025 Shirika la Afya Duniani likazipendekeza kama njia mbadala kwa watu wazima na vijana ambao tayari virusi vyao vimetulia kwa tembe, na ambao hawana ugonjwa wa ini wa hepatitisi B. Mfano huu unaonyesha namna swali la ukoo linavyopaswa kujibiwa: watu wetu wenyewe wapimwe, matokeo yaonekane, wala si kukisia.

KINACHOCHAGUA DAWA HASA NI USUGU

Wafugaji mtanielewa upesi. Dawa ya josho ikichanganywa sawasawa, kupe hufa. Lakini mtu akitaka kuokoa shilingi akaongeza maji, kupe dhaifu hufa na wale wakali hubaki. Hao wakali ndio huzaa. Baada ya misimu michache unaogesha ng'ombe, na kupe wanakutazama tu. Dawa ni ile ile. Kilichobadilika ni kupe waliobaki.

Virusi ni hivyo hivyo. Dawa haitengenezi usugu kwa uchawi. Makosa ya karani yapo tayari. Dawa ikiwa chache damuni, virusi vya kawaida hutulizwa na vile vyenye kosa la kufaa hupata shamba lote peke yao.

Ndiyo maana tembe yetu moja ina dawa tatu ndani yake. Kosa la herufi moja linatosha kumkinga kirusi dhidi ya lamivudini. Kosa lingine la herufi moja linatosha kumkinga dhidi ya nevirapini na efavirenzi zote mbili kwa mpigo. Lakini kuponyoka dawa tatu kwa wakati mmoja, kirusi kinahitaji makosa kadhaa yakutane katika nakala moja, na hilo ni gumu sana iwapo dawa zote tatu ziko kazini kila siku. Ukiruka siku, dawa hazitoki damuni kwa pamoja. Inayokawia hubaki peke yake ikipigana vita vya watatu.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwenye tembe ya leo. Kwa miaka mingi Kenya ilitumia nevirapini, kisha efavirenzi, pamoja na dawa nyingine mbili. Ziliokoa maisha ya watu wengi sana. Lakini usugu uliongezeka pole pole, na kirusi sugu hupitishwa kwa mtu mwingine kikiwa tayari sugu. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliripoti kwamba katika nchi 6 kati ya 11 zilizochunguzwa barani Afrika, Asia na Amerika ya Kilatini, zaidi ya watu 10 kwa kila mia waliokuwa wanaanza matibabu walikuwa tayari na virusi sugu kwa jamii hiyo ya dawa. Fikiria: mtu hajameza hata tembe moja, na tayari dawa moja kati ya tatu haimfai.

Mwaka huo huo wa 2017 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza Afrika kuanza kutoa dolutegraviri ya bei nafuu. Dawa hii humlenga yule fundi wa kupachika, na humshika kwa nguvu. Kirusi kinahitaji mabadiliko mengi zaidi ili kuiponyoka, na kikibadilika mara nyingi hudhoofika. Leo imeunganishwa na tenofoviri na lamivudini katika tembe moja inayoandikwa TLD kwenye chupa. Watoto nao, ambao zamani walihangaika na maji ya dawa machungu mno, walianza kuletewa dolutegraviri yao ya kuyeyusha majini. Mwaka 2021 Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi sita za kwanza kuipokea.

Kwa hiyo tunapopewa tembe moja sote, si kwamba wakubwa wamesahau koo zetu. Tembe hii ilichaguliwa kwa sababu inawafikia A, C, D, machotara, hata HIV-2, na kwa sababu haiangushwi kwa kosa moja. Ilipojaribiwa Uganda, Kenya na Zimbabwe kwa watu 464 ambao dawa zao za kwanza zilikuwa zimeshindwa, katika majibu yaliyotolewa 2021, watu kama 9 kati ya 10 waliopewa dolutegraviri virusi vyao vilitulia.

Lakini hata mlango wa chuma huvunjwa ukipigwa kila siku. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba miongoni mwa watu wanaotumia dolutegraviri na bado virusi vyao havijatulia, usugu dhidi ya dawa hii ulionekana kwa watu kati ya 3.9 na 8.6 kwa kila mia. Kwa wale waliohamishiwa dawa hii huku virusi vikiwa vingi damuni, ulifika 19.6 kwa mia. Wengi wa wasiotulia, basi, shida yao bado si usugu bali ni kumeza dawa. Hao wanaweza kusaidiwa leo. Wakiachwa, kesho itakuwa shida nyingine.

KLINIKI HUJUAJE?

Kipimo cha kwanza ni cha wingi wa virusi, kile kinachoandikwa VL kwenye kadi yako. Hufanywa miezi michache baada ya kuanza dawa, kisha kwa vipindi. Kikionyesha kwamba virusi vimetulia, dawa yako inafanya kazi, uwe wa ukoo A au D au chotara. Huna haja ya kujua ukoo wako.

Virusi vikionekana kuwa vingi, jambo la kwanza si kubadilisha dawa. Mhudumu atakaa nawe muulizane: Je, kuna siku zinapita? Je, umemficha mwenzi wako chupa? Je, unasafiri na matatu usiku ukasahau tembe nyumbani? Je, kuna chakula? Jibu kwa ukweli, maana hapo hakuna hukumu. Baada ya miezi mitatu hivi ya kumeza vizuri, hupimwa tena. Wengi hutulia bila kubadilishiwa chochote.

Kama bado ni vingi, ndipo damu hupelekwa maabara kubwa kusomwa zile herufi za kirusi, waone ni kosa gani limetokea na ni dawa gani bado inaweza kufanya kazi. Kipimo hiki ni cha gharama, na hakifanywi kwa kila mtu. Tena kina sharti moja: uwe unameza dawa wakati damu inapotolewa. Ukiwa umeacha, virusi vya kawaida hurudi kwa wingi na kuvifunika vile sugu, na kipimo kinaweza kusema hakuna shida kumbe wamejificha.

Dawa za hatua ya pili na ya tatu zipo, lakini ni chache, bei yake ni kubwa, na nyingine humezwa mara mbili kwa siku. Anayelinda tembe yake ya sasa analinda akiba yake.

CHUPA MOJA, NYUMBA MBILI

Sasa tuje kwenye jambo lililo mlangoni petu. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, ikiwemo fedha zilizokuwa zikitegemeza huduma nyingi za Ukimwi nchini Kenya. Baadaye sehemu ya huduma za kuokoa maisha iliruhusiwa kuendelea, lakini hofu ilikuwa imekwisha kuingia manyumbani. Katika ziara zetu tumekutana na watu waliokuwa wanameza siku moja na kuruka moja ili chupa idumu. Tumekutana na mama anayegawana chupa na dada yake, kwa upendo kabisa, kwa sababu dada aliogopa kwenda kliniki akaulizwe alikuwa wapi.

Ndugu zangu, upendo huo unaeleweka, lakini huko ndiko kuongeza maji katika josho. Chupa moja ikigawanywa nyumba mbili haiwatulizi virusi wa nyumba yoyote. Inawafundisha. Na kirusi sugu hakibaki kwa yule aliyeruka dozi. Hupitishwa kwa mwenzi, na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto. Tena wale wenye hepatitisi B bila kujua, tenofoviri na lamivudini zinawalinda ini. Wakiziacha ghafla, ini linaweza kuwaka.

Ukiona dawa zinakaribia kwisha, usingoje siku ya mwisho. Beba kadi au chupa yako uende kliniki mapema. Ukiwa safarini au umehama, ingia kituo cha karibu chenye huduma hiyo, ueleze. Na yule aliyeacha kwa muda, miezi au hata miaka, arudi. Hakuna aliyechelewa mno kurudi.

MASWALI TUNAYOULIZWA

Mume na mke wote tuna virusi. Kwani kuna hatari gani tena kati yetu?
Virusi vyenu vinaweza kuwa tofauti, na mmoja akiwa na virusi sugu anaweza kumpa mwenzake. Lakini wote wawili mkimeza dawa na virusi visionekane kwenye kipimo, hakuna anayemwambukiza mwenzake kwa tendo la ndoa. Shirika la Afya Duniani lilithibitisha jambo hili mwaka 2023. Kwa hiyo kila mmoja awe na kadi yake, chupa yake na kipimo chake.

Nina kifua kikuu pia. Je, nimeze TLD kama kawaida?
Mwambie daktari mara moja. Dawa ya kifua kikuu iitwayo rifampisini hupunguza dolutegraviri mwilini, kwa hiyo huongezewa tembe ya pili ya dolutegraviri, saa 12 baada ya ile ya kwanza. Usijiongezee mwenyewe.

Na dawa za kiungulia, au tembe za madini za akina mama wajawazito?
Dawa nyingi za kiungulia huifunga dolutegraviri tumboni isiingie damuni. Meza TLD saa 2 kabla yake au saa 6 baada yake. Tembe za damu za wajawazito zinaweza kumezwa pamoja na TLD ikiwa umekula chakula.

Nimeombewa, na mhubiri ameniambia nitupe dawa. Nifanyeje?
Omba, na umeze dawa. Kanisa halijafundisha kwamba Mungu anashindana na daktari. Katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, tabibu anaheshimiwa na dawa zinatajwa kuwa ni zawadi ya Muumba. Ukiamini umepona, nenda ukapimwe huku ukiendelea kumeza. Na kumbuka, kipimo kisichoonyesha virusi ni ushuhuda kwamba dawa inavizuia, ukiiacha, hurudi.

TUFANYE NINI KATIKA JUMUIYA

Kwanza, tuache kuhubiri koo kama laana. Hakuna ukoo wa virusi wa kabila fulani, wala wa watu wabaya. Pili, kila jumuiya iwe na watu wawili wenye kifua cha kutunza siri, ambao mtu anaweza kuwaambia, "Zimebaki tembe tatu na sina nauli." Nauli ya bodaboda mara moja ni nafuu kuliko dawa za hatua ya tatu. Tatu, tunapoulizana hali, tuzoee kuuliza, "Kipimo chako kilisemaje?" kuliko kutazama nani amekonda. Nne, viongozi wetu wa kaunti na wa taifa wanapopanga bajeti, tuwaulize waziwazi ni kiasi gani kimetengwa kununua dawa hizi kwa fedha zetu wenyewe. Mgeni akishika ufunguo wa ghala, siku akiondoka mwenye nyumba hulala njaa.

Virusi vitaendelea kubadilika, maana ndiyo tabia yao. Sisi tusibadilike katika saa ya kumeza.